Niliziba Mlango kwa Magunia

Mhariri wa ukurasa huu, naomba jina langu lisiandikwe.

Kuna sauti moja haijanitoka sikioni: upepo unaovutwa na kabureta, fyuuu nyembamba, niliyoisikia kupitia kipande cha mpira wa maji. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa kemia katika sekondari moja huku Butiama. Sauti hiyo niliisikia nikiwa na miaka kumi na saba, nyumbani kwetu Kigera, Musoma.

Baba alikuwa karani, hakuwa fundi. Alinunua gari dogo la mbio, la viti viwili, kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Injini ilikuwa imekwama kwa kutu. Majirani walimcheka. "Karani, hilo jeneza lako litaondoka lini?" Spea hazikuwepo miaka ile, hata sabuni tuliipangia foleni. Baba alitafuta ringi za pistoni za trekta, akazikata na kuzipunguza kwa tupa, jioni baada ya jioni, mpaka zikakaa. Mimi nilimsomea kitabu cha gari, maana Kiingereza changu kilizidi chake. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki; aliyenilea ni mke wa pili wa Baba, nami namwita Mama, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Injini ile ilikuwa na kabureta mbili za kuchanganya hewa na petroli, na lazima zivute upepo sawasawa. Hatukuwa na kipimo. Niliweka ncha ya mpira sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nikasikiliza hii, kisha ile, nikamwambia Baba akaze skrubu ipi.

Baada ya miaka mitatu ikawa tayari kuwashwa. Petroli ilikuwa ya kuvizia, na ulikuwa wakati wa msako. Ukikutwa na galoni ya petroli ndani unaitwa mhujumu uchumi. Mchana ule Mama alituletea uji kwenye banda la gari, vikombe viwili, akaenda sokoni. Baba alisema, "Funga mlango, mlio usitoke nje." Nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa magunia. Injini ilikohoa, ikashika. Nikasikiliza mpaka kabureta zote mbili zikasema sauti moja. Baba alicheka kama mtoto.

Kichwa kikaanza kuniuma. "Nenda kapumzike," akasema, "uzibe vizuri ukitoka." Nilitoka na kikombe changu, nikayasukumia magunia mahali pake kwa mguu, nikaenda kulala.

Nilipoamka injini ilikuwa kimya, petroli imeisha. Baba alikuwa ameegemea fenda, hapumui. Kabla ya kumwita mtu yeyote nilitupa galoni chooni, nikaondoa magunia, nikafungua dirisha, nikafunika injini. Niliogopa mgambo. Watu walipokuja walikuta karani amekufa kando ya gari bovu, midomo yake ina wekundu usio wa kawaida, na kikombe cha uji kitupu.

Baba Mkubwa, kaka yake Baba, ndiye aliyesema kwanza: "Huyu kalishwa kitu." Mama alifukuzwa kabla ya arobaini. Mimi nilikaa kimya. Mwaka uliofuata nilisoma darasani kuhusu hewa ya sumu isiyo na harufu iliyomo katika moshi wa injini. Nikanakili kwenye daftari kama wenzangu.

Mwezi uliopita nilimtembelea Mama huko Kabasa, Bunda. Siku hizi maduka yamejaa, kila mwanamke pale anauza chai na maandazi. Yeye, ambaye tulikuwaga tunagombania mapishi ya mikono yake, anauza mkaa. Nikamuuliza sababu. "Chakula changu hakiliwi, mwanangu. Maneno ya Kigera yalifika hapa kabla yangu. Mkaa nani atasema una sumu?"

Jumamosi hii ukoo unajengea kaburi la Baba. Mama hakualikwa. Ndugu wasomaji, nikisema, nitakuwa binti aliyemzibia baba yake mlango. Nisiposema, mama yangu atakufa na jina la muuaji. Nishaurini, nifanye nini?

Hapo juu niliandika Jumatano. Leo ni Jumapili, na sikuweza kuwangoja.

Jana nilisimama kando ya saruji mbichi nikasema yote. Baba Mkubwa aliuliza, "Miaka tisa hii, mgambo alikuwa bado anakusubiri?" Watu waliondoka, wali umebaki kwenye masufuria.

Leo asubuhi nimekwenda Kabasa. Mama alinisikiliza hadi mwisho, mikono myeusi magotini. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Siku ile nilileta vikombe viwili. Cha pili alikunywa nani?"

"Mimi, Mama."

"Ulikimaliza?"

"Nilikimaliza."

"Basi hukuhitaji hata kulitaja gari. Ungewaambia tu siku ile kwamba na wewe uliunywa uji wangu."

Akainuka kumpimia mteja mkaa. Nilikaa mpaka jua likapanda, hakunigeukia tena.

Kwa hiyo ushauri wa kusema au kutosema siuhitaji tena. Jina langu bado mlifiche, si kwa sababu ya Kigera, wao wanajua. Nina wanafunzi, na wiki ijayo mada yetu ni gesi.