Tairi nene la nyuma lilizunguka vizuri dukani, likamwangusha mama njiani

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii si chai. Mguu wa mama yangu uko hapa mbele yangu, umewekwa juu ya mto. Anayebisha aje hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, auone.

Kaka yangu mkubwa, Etienne, ni dereva wa boda. Mvua zilipoanza, tairi lake la nyuma lilikuwa kipara kabisa. Mama naye alitakiwa kwenda Mbarara kuchukua miwani. Aliisubiri kwa hamu, maana kitabu cha nyimbo cha kanisani alikuwa anakishika tu, hasomi.

Etienne aliogopa utelezi. Akasema tubadilishe tairi kwanza, ndipo tumpeleke mama. Nikaona kaka kafikiria vizuri.

Tukaenda duka moja la spea huko Ruti. Muuzaji akasoma tairi la zamani: 3.00-17.

"Ssebo, yako iko mia tatu," akamwambia Etienne; ssebo ni bwana kwa huku.

"Hapana, leta ile munene, mia tatu makumi tano. Fasi ya kwetu kuko matope mingi. Rimu si ni moya?" Etienne akajibu, akitaka 3.50-17.

Kwa wasioendesha: namba ya mwisho ni rimu, ya kwanza ni unene. Etienne aliona kumi na saba kwa kumi na saba, akaridhika. Kumbe tairi likinenepa, na kimo kinaongezeka.

Halafu kuna jambo la kwetu. Kule Kivu ya Kusini Etienne aliendesha pikipiki ya milimani, madigadi yake iko juu kabisa, hata uvalishe tairi la trekta halifiki. Hizi boda za hapa madigadi imekaa chini. Mazoea ya Congo tulivuka nayo mpaka, hakuna aliyetukagua.

Tairi likafungwa. Pikipiki iko kwenye stendi, muuzaji akalizungusha kwa mkono, likaenda bila kugusa popote.

"Ona boss, iko fiti."

Fiti, ndiyo. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa juu!

Siku ya safari tulikaa mshikaki: Etienne mbele, mama katikati, mimi nyuma. Mama ni mtu mwenye mwili, mimi pia sikujinyima. Shokapu zikabonyea, na kila tulipoingia shimo, tairi likapanda kusugua bolti ya madigadi. Sisi hatukujua. Barabara ina kelele zake.

Mama ndiye aliyegundua.

"Etienne, kuko kitu inaungua."

"Ni makala ya batu, mama."

Kweli kuna watu huchoma mkaa upande ule, hata mimi niliamini. Tukaendelea.

Mama akarudia, safari hii kwa sauti ya kuomba: "Mwanangu, simamisha. Iko nanuka pine." Pine ndilo tairi kwetu Wakongo.

Etienne akaanza kupunguza mwendo. Tairi likapasuka kabla hatujasimama.

Mimi nilichubuka tu. Etienne vilevile. Pikipiki ilimlalia mama.

Mfupa wa paja umeunga vibaya. Hiyo ndiyo miguu iliyotutoa Kivu, wakuu, akiwa na mzigo kichwani na mimi mgongoni. Leo kwenda chooni ni mpaka ashikwe. Naandika hivi nina uchungu na sijui nimkasirikie nani, maana kaka alinunua lile tairi ili mama asianguke.

Miwani niliifuata mwenyewe baadaye.

Nilichojifunza: vaa namba iliyoandikwa kwenye chombo chako. Ukitaka kuongeza unene, pakia watu wazito kwanza, uiname uangalie tairi limebaki na nafasi gani chini ya madigadi. Stendi inadanganya.

Wenye uzoefu wa njia za matope, mnavaa nini nyuma? Na kama kuna aliyewahi kumrudisha kwenye maongezi kaka aliyenyamaza tangu ajali, aniambie alifanyaje.

Maana Etienne alikwisha rudisha 3.00. Kila Jumapili analeta pikipiki mpaka mlangoni, imeoshwa, anaiwasha ampeleke mama kanisani. Mama anavaa miwani, anafungua kitabu chake, anamwambia kwa upole:

"Muende tu, mwanangu. Mimi nitakuya na miguu."

Etienne anazima injini.