Maneno ya Baada ya Sala

Kwetu Nyeri mkutano huanza kwa sala na kuisha kwa sala, na yanayosemwa baada ya sala ya mwisho hayaandikwi. Hakuna aliyetunga kanuni hiyo. Nimekuwa katibu wa kikundi cha akina mama, wa kamati ya maji, na wa kamati za mazishi nisizoweza kuzikumbuka zote, na kote huko, Amina ya mwisho ikishatamkwa, nafunika kalamu. Nilijivunia sana kumbukumbu zangu za mikutano. Mwalimu mstaafu hubaki na vitu vichache vya kuringia, na mwandiko ni kimojawapo.

Ndiyo maana niliitwa kuandika na kutafsiri siku mgeni kutoka Ulaya alipokuja Gatitu, karibu na kwetu. Kule kwao, nilivyoelezwa, kuna baraza wanamokaa waajiri, wafanyakazi na vyama vya raia, na kazi yake ni kuwapa wakubwa maoni kuhusu ajira, uchumi na watu wanaoachwa nje. Linashauri tu, haliamui. Nilielewa mara moja. Ni kama mashangazi kwenye shughuli ya mahari: wataulizwa maoni, watayatoa kwa urefu, kisha wazee watafanya walivyokuwa wamepanga, lakini ole wake atakayesahau kuwauliza. Safari hii baraza lilikuwa likiandaa maoni kuhusu sheria ya kuzitaka kampuni za huko zijue wanatendewa vipi watu wanaozilimia na kuzipakia chakula. Mgeni, kijana mpole mwenye miwani, alitumwa kuwasikiliza wapakiaji wa mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani tunayoyapanda kwa wingi na kuyala kwa nadra.

Wapakiaji walikuja ukumbi wa kanisa Jumapili mchana, na mmoja wao alikuwa jirani yangu wa mtaa wa Skuta. Nyumba zetu zimeshikana ukuta. Zamani nilijua ameamka kwa kusikia akiinjika sufuria. Siku hizi nasikia kwanza akiguna anapoinuka kitandani. Magoti yake yameharibika. Husimama kutwa kwenye sakafu ya simiti yenye maji, karibu na chumba cha baridi, akikata ncha za mishiri na kuipanga kwa urefu.

Mtu yeyote aliyelelewa huku angejua mkutano ule utakwendaje. Mgeni alikaribishwa, akapewa chai na maandazi, kisha akauliza kwa upole, nami nikatafsiri: mnatendewaje kazini? Wakasimama mmoja mmoja. Wa kwanza alisema hana mengi, anamshukuru Mungu, na anamshukuru mgeni kwa kutoka mbali. Wa pili naye hakuwa na mengi. Wa tatu aliishukuru kampuni kwa gambuti, vile viatu vya mpira. Mgeni halalamikiwi akiwa na kikombe mkononi. Tulipofika kwenye mengineyo, watu waliangalia viatu vyao. Nikaandika kwamba hakukuwa na mengineyo, tukaomba, nikafunika kalamu.

Halafu tukamsindikiza hadi kwenye gari, na kwetu hapo ndipo maneno yenyewe husemwa. Jirani yangu alichechemea hadi mbele, akamshika mgeni mkono, asiuachilie.

"Mwalimu, mwambie hivi," alisema, akinitazama mimi. "Mimi niko na miaka kumi na moja hapo kwa mishiri. Kila miezi tatu wanachukua kadi yangu ya kazi, wananirudisha nyumbani wiki mbili, halafu naitwa tena ati mimi ni mpya. Miaka kumi na moja niko mpya. Sasa hii magoti ikikataa, nitaambiwa ati sikuwa mfanyakazi. Hiyo sheria yao ni ya wale wako na barua ya kazi peke yao, ama hata sisi?"

Mgeni alinigeukia, akingoja. Mlango wa gari ulikuwa wazi, dereva alikuwa ameshawasha injini, na sisi tulikuwa tumeshaomba. Nilitabasamu, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anamtakia safari njema na angependa arudi tena.

Haikuwa hofu. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kunifukuza popote. Ilikuwa ile adabu niliyofundishwa, nami nikaifundisha kwa miaka mingi darasani; niliona jirani yangu ananiaibisha mbele ya mgeni. Kijana alimshukuru akiushika mkono wake kwa mikono yote miwili, na jirani yangu akarudi nyumbani mwepesi, akiamini kwamba maneno yake yamefika.

Maoni ya baraza yalinijia kwenye simu miezi kadhaa baadaye. Niliyasoma kibarazani asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Yalikuwa na aya zenye namba na lugha kavu kama ya waraka wa mkaguzi wa shule, na nilikuwa karibu kusinzia nilipofika mahali palipozungumzia wafanyakazi wa huko huko Ulaya: watu wanaopeleka vyakula kwa baiskeli, wanaosafisha ofisi, wanaoajiriwa leo na kuajiriwa upya kesho ili wasihesabiwe kamwe. Baraza lilishauri kwamba kinachotazamwa kiwe kazi anayoifanya mtu, si karatasi aliyopewa. Niliisoma aya ile mara tatu. Ilikuwa inamsema yeye. Watu wale walilijua tatizo la jirani yangu kwa undani. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba lipo hata Gatitu.

Nikateremka kwenye waraka kutafuta tulikotajwa sisi. Tulikuwa na sentensi moja. Wapakiaji waliosikilizwa katika nyanda za juu za Kenya, ilisema, walionyesha kuridhika na hali yao ya kazi. Chini yake waliandika walikoipata: kumbukumbu za mkutano.

Kumbukumbu hizo ni zangu. Nilimkasirikia mgeni kwa kutojua Kiswahili, kisha nikalikasirikia baraza kwa kuamini karatasi baada ya kushauri wengine wasiiamini. Hasira hizo hazikufika saa sita.

Saa kumi na moja jioni jirani yangu alirudi kutoka kazini, akaketi kwenye ngazi yangu kuvua gambuti, kama kawaida yake.

"Mwalimu, nasikia ile karatasi ilikuja. Waliandika aje ile maneno yangu?"

Ningeweza kusema lolote. Hasomi Kiingereza, na simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia hayakuandikwa, kwa sababu sikuyasema. Nikamweleza nilichomwambia mgeni pale garini, neno kwa neno.

Alisugua goti kwa kiganja.

"Na mimi nimekuwa nikiambia watu," alisema. "Hata supavaisa nilimwambia. Nikamwambia, wewe chukua tu hiyo kadi, mimi nimeshaandikwa Ulaya."

Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama. Nilimwomba msamaha, naye hakusema amenisamehe. Nikamwambia kwamba mwisho wa waraka wameandika kuwa bado wanapokea maoni, na kwamba ningeweza kuyatuma yake, kwa jina lake au bila jina.

"Supavaisa ashajua, jina haitanificha," alisema. "Lakini miaka andika yote."

Nikaingia ndani, nikatoa kitabu changu cha mikutano na kalamu, nikaketi kando yake. Nilifungua ukurasa mpya. Kwa mazoea tu nikainamisha kichwa na kuutafuta mkono wake, ili tuanze. Aliutoa mkononi mwangu polepole, akauweka juu ya goti.

"Andika kwanza," alisema. "Tutaomba ukishanisomea."