Mama Kasoki, Aliyeketi Kabla ya Kufunga Mkeka

Alizaliwa Butembo mwaka 1951, kwa wachuuzi wa maharagwe. Tangu utoto alikuwa na miguu ya haraka, hata mama yake akawa akimuuliza anakimbizwa na nani. Akaolewa Goma, akafiwa na mume mapema, akajitoa kuwahudumia wagonjwa wa parokia.

Mwezi wa saba 1994 wakimbizi walifurika mjini, na kipindupindu nyuma yao. Kasoki akapewa kazi iliyowashinda wengi: kufunga maiti katika mikeka kando ya barabara kabla lori halijapita. Udongo wa Goma ni mawe ya volkano, kaburi halichimbiki kwa jembe, basi wote walipelekwa mbali kwa lori. Alifunga mikeka kutwa nzima, bila kula, bila kusali. Siku ya tano alikaza kamba, na mkeka ukakohoa. Ndani alikuwamo Nyiransabimana, mkimbizi kijana, mzima.

Watu walishangilia muujiza. Kasoki, masikini, alilia. Aliuliza: je, wale wa jana niliowafunga, nao walikuwa wazima? Siku mbili alilala chini, akiapa hatagusa tena kamba.

Siku ya tatu alirudi. Mbele ya kila mkeka aliketi kwenye jiwe, akaweka mkono kifuani pake hadi akausikia moyo wake umetulia, ndipo akauhamishia mkono kifuani pa yule aliyelala. Damien, dereva wa lori, mtu mwema ila mwepesi wa hasira, akampigia honi.

“Mama, hawa wamekwisha kufa. Tutamaliza saa ngapi?”

“Papa Damien, mikono yangu imefika, miye mwenyewe bado. Ningoje.”

Akanung'unika weee, lakini akazima injini. Katika ukimya ule Kasoki alihisi kifua cha mtoto aliyelazwa kwenye mkeka kikipanda. Damien mwenyewe ndiye aliyembeba mbio hadi hema la waganga.

Vita vilivyofuata vilimkuta akiwafundisha wauguzi na akina mama kula wameketi, na kupumua kabla ya kumgusa mgonjwa. Swali la wale wa jana halikumwacha. Aliwaombea kila asubuhi hadi alipofariki mwaka 2013, na wanaomwita katika sala wakihemewa na mambo husema hutulia.

Ndugu mpendwa, unayekimbia tangu alfajiri, mwige mama yetu huyu. Keti kidogo, weka mkono kifuani. Huenda uliyekwisha kumfungia mkeka, awe jirani au wewe mwenyewe, bado anapumua.