Gaz Inayokula Joto, Kutoka Kasongo Mpaka Kabambare

Nilitoka Kasongo kwa sababu ya moshi. Mama Zaina, mwenye malewa ya kuuzisha chakula kule Kabambare, alikuwa amechoka kupuliza kuni mbichi wakati wa mvua. Nikamwambia nitamuletea gaz. Kule hakuna mutu aliyewahi kupikia gaz. Nilitaka niwe wa kwanza kuwauzia, nasema bila haya.

Asubuhi, pale soko ya Kasongo, tulifunga bombone, ule mutungi wa chuma wa gaz, wima nyuma ya pikipiki. Nilikuwa na Saidi, mutoto wa dada yangu. Yeye anafanya kazi ng'ambo, kwa kituo cha gaz kando ya bahari, alikuja likizo.

Njiani matope ilitushika. Tukasukuma, tukapumzika, nikamuuliza kazi yake ni nini hasa. Akaeleza kwamba meli inaleta gaz ikiwa imepozwa sana mpaka imekuwa maji, ili nyingi ienee fasi ndogo. Kituoni inapita ndani ya mabomba, na maji ya bahari inamwagwa juu yake. Gaz inachukua joto ya bahari, inachemka, inarudi kuwa hewa, ndipo inatumwa mijini. Nikamwambia akadanganye wengine.

"Mujomba, kwa ile gaz, bahari ni moto."

Sikuamini. Mimi siamini kitu juu tu mutu amesoma.

Mchana, Kabambare. Mama Zaina akapandisha sufuria kubwa ya sombe, yale majani ya muhogo, majirani wakajaa mulangoni. Moto uliwaka vizuri, kisha ukafifia. Bombone ikatoka jasho, ikashika weupe wa barafu kama chumvi. Mama Zaina akashika kiuno.

"Muzee, umeniletea mutungi mutupu?"

Watu wakacheka. Kama angeirudisha, hakuna mutu wa Kabambare angenunua kwangu tena. Jirani mumoja akaleta makaa ya moto aweke chini ya bombone; nikamufukuza. Nikaitikisa: iko nzito, baridi sana, gaz inacheza ndani kama maji. Nikakumbuka ile bahari ya Saidi. Saidi akafungua kinywa, nikamwambia anyamaze, hii biashara ni yangu.

Nikazima jiko, nikaomba beseni ya maji ya kisima, nikasimamisha bombone ndani.

"Maji ya baridi?" Mama Zaina akauliza.

"Kwa hii gaz, maji yako ni moto."

Wakacheka zaidi. Lakini weupe ukayeyuka, na nilipowasha tena, moto ukainuka, buluu, polepole. Sombe ikachemka. Kicheko kikaisha, wakaanza kuuliza bei.

Jioni Mama Zaina aliagiza bombone ya pili. Alisema beseni atatafuta mwenyewe.

Kurudi Kasongo nilimuuliza Saidi maswali mpaka yeye ndiye akachoka. Nimejifunza kwamba gaz haitoki bure, inakula joto kwanza. Na mutu akitaka kujua kile kituo cha bahari kinafanya kazi namna gani, sitamutuma kwa Saidi. Aje kwangu, nitaomba beseni.