Usipeleke kompyuta yako ya kuzamia kwa fundi wa saa. Betri mimi nabadilisha mwenyewe

Wakuu, habari zenu. Hii nitawaambia sijaitia chumvi, mguu wangu wa kushoto ndio shahidi. Shule niliachia darasa la sita huko Keringet, kwa hivyo mkiona makosa ya kuandika rukeni muende mbele.

Kazi yangu ni kuzamia.

Najua mtauliza, mtu wa viazi na baridi anazamia wapi? Naivasha. Engine ya boti ikianguka ziwani, ama paipu ya maji ya shamba la maua ikizibwa na magugu, mimi ndio huitwa. Nabeba mtungi wa hewa nashuka.

Yale maji ni ya kijani, ukishuka kidogo hata vidole vyako huoni. Kitu inakuambia uko wapi ni kompyuta ya kuzamia. Inakaa kama saa kubwa ya mkono. Inaonyesha umeshuka mita ngapi, umekaa muda gani, na ukipanda haraka inalia. Naileta mpaka kwa kioo cha miwani ndio niisome.

Yangu ikaanza kuonyesha betri inaisha. Nikamwambia Waweru, mwenye maboti, ambaye ndiye alikuwa ananipa kazi. Nikasema kuna betri yake na mpira wake mpya wa kuzuia maji, zinauzwa pamoja Nairobi, tungoje ziletwe.

"Mzee, betri ni betri," akasema. "Hii naipeleka kwa Kibe."

Kibe ni fundi wa saa Nakuru mjini, ana meza nje ya duka za viatu. Saa za ukutani anajua, sikatai. Waweru akairudisha ikiwaka vizuri, akijisifu.

"Kibe hata ameipaka mafuta ya kujipaka ndio maji isiingie."

Tukaenda kutafuta engine iliyoanguka pale kwa maji marefu karibu na kisiwa. Nikashuka, nikatoka, nikashuka tena. Safari ya mwisho nikiwa chini kabisa, naleta mkono kwa miwani, screen imekufa. Ndani ya kioo chake kuna maji.

Hapo hujui juu ni wapi. Nikavuta mara moja ile kamba nimefungwa kiunoni, Waweru ameishika juu kwa boti. Kwetu hiyo ni kusema nina shida, ngoja. Waweru hakungoja. Akanivuta kama ndoo ya kisima.

Mtu hutoka polepole, na anasimama njiani kidogo, ndio ile hewa imeingia kwa damu itoke bila kuchemka kama soda. Mimi sikusimama popote.

"Si uko hai?" Waweru akasema. "Ingia gari, naenda Molo kuchukua viazi, nikuachilie kwako Keringet."

Na hapa ndio watu wa huku tunajimaliza. Mtu wa Mombasa akitoka baharini, nyumbani ni pale pale chini. Sisi nyumbani kuko juu kuliko kazini. Ukitoka ziwani ukapanda mlima siku hiyo hiyo, ni kama umevutwa tena na ile kamba. Hakuna mtu alikuwa ametuambia.

Kikopey tukasimama kula nyama. Bega likaanza kuniuma.

"Hiyo ni njaa, mzee. Maliza mbavu."

Sachangwan, huko juu mlimani, nikashuka kukojoa, mguu wa kushoto ukakataa. Nikaanguka kando ya barabara, sisikii goti, sisikii unyayo. Waweru anaambia watu nimekunywa. Ni dereva wa lori, simjui hata jina, alinibeba akanirudisha Nakuru, hospitali.

Daktari alikuwa mama mpole. Swali la kwanza: "Baba, leo ulikuwa chini ya maji?"

Akaniwekea oxygen. Akataka nipelekwe Mombasa, kwa chumba cha presha. Akampigia Waweru kuhusu usafiri. Waweru akazima simu. Mombasa sikufika.

Mguu ulirudi, lakini si wote.

Ile saa iliyokufa niliifungua mimi. Mpira ulikuwa ule wa zamani, umevimba na mafuta, na manyoya ya sweta yamebanwa katikati. Kibe aliipangusa na sweta yake.

Nikapata ingine, na hiyo hakuna mtu ameishika. Naiosha na maji safi, naiacha ikauke kabisa. Nafanyia mezani, dirisha limefungwa, vumbi ya huku mnaijua. Kifuniko nafungua na shilingi. Mpira wa zamani natoa na kijiti cha meno, si sindano, sindano inakwaruza. Natupa. Mpya naupaka grisi ya silicone, ing'ae tu, ikizidi inashika uchafu. Betri naishika kwa ukingo. Nafunga mpaka alama zikutane, silazimishi.

Halafu naangalia altitude, pale unaiambia uko juu ya bahari kiasi gani. Yangu ikitolewa betri inajirudisha ya baharini, na Naivasha si bahari. Hiyo ukisahau itakudanganya na wewe unaiamini.

Mwisho naifunga kwa kamba na jiwe, naishusha mpaka chini ya ziwa, naiacha huko. Ndoo haitoshi, ndoo haina presha. Ikitoka ndani ni kavu ndio naivaa.

Kazi ya kwanza baada ya kupona ilikuwa ya huyo huyo Waweru. Watoto wanakula. Lakini kamba nilifunga kwa nanga, kwa mkono wake hapana. Nikashuka, saa ikanisomea vizuri. Nikitoka nikashikilia kamba ya nanga pale saa iliniambia nisimame, nikakaa mpaka ikaniruhusu. Juu nasikia anagonga boti.

"Ulikuwa unafanya nini huko, unalala?"

"Nilikuwa nangoja saa."

"Twende basi, Molo kunaingia mvua."

"Wewe nenda. Mimi leo nalala Naivasha."

Akaenda, akinung'unika. Nililala chini huko, nikaamka na mwili wangu.

Funzo ni moja: kitu inashikilia roho yako, ifunge na mkono wako.

Wenye mnazamia Baringo ama kwa mabwawa ya mashamba, semeni mnatumia grisi gani na mnapima aje. Na mwenye anataka kuniambia nimsamehe Waweru, aje kwanza apande ngazi na huu mguu.