Siku Niliyovikwa Lubugo

Lubugo ikilowa maji hunuka moshi na udongo, kama jiko la kuni lililonyeshewa mvua. Mwezi uliopita niliingia duka moja la mapambo mjini Kampala kukwepa manyunyu, nikakuta mikoba ya kitambaa cha lubugo imetundikwa mlangoni, matone yakiirukia. Kabla sijajua nanusa nini, miguu ilikuwa imeshanitoa nje. Nikalowa hadi nyumbani. Mume wangu aliponiuliza kwa nini sikusubiri mvua ipungue, nilimwambia nilikuwa na haraka. Wewe unayesoma nitakwambia ukweli.

Tulikulia kambini, baba akiwa sajenti wa polisi. Yeye Mwacholi, mama Mteso, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake, nyumba yetu ikaongea Kiswahili. Baba alitulea kwa amri za gwaride. Jioni alitupanga uani, mimi na ndugu zangu, akanguruma: "Mguu sawa!" Wa kwanza kutikisika ndiye aliyeosha vyombo. Alikuwa na msemo wake: "Askari akiambiwa simama, anasimama. Nzi akitua puani, hiyo ni shida ya nzi." Nilikuwa na miaka tisa, na katika nyumba ile hakuna aliyesimama kunishinda. Nilijivunia jambo hilo kuliko alama zangu za darasani, ambazo kwa kweli hazikuwa za kujivunia.

Mama alishona na kurekebisha sare za askari. Vipande vilivyobaki alimwekea Tantine Faida. "Tantine" ni neno alilokuja nalo mwenyewe kutoka Bukavu, maana yake shangazi, na kambi nzima ikamwita hivyo, hata wazee wa kumzaa. Alipanga stoo ya zamani upande wa chini wa Bugolobi, karibu na viwanda, na humo alitengeneza sanamu. Hakuwa na patasi wala jiwe wala udongo. Alikuwa na vitambaa: vitenge vilivyopauka, mashuka ya mitumba, mabaki aliyoyabeba kichwani kutoka soko la Kikuubo, na lubugo, kitambaa chekundu cha Waganda kinachopondwa kutoka gome la mti. Alivilowesha katika uji mzito wa muhogo, akamzungushia mtu aliye hai, akaacha vikauke, kisha akavipasua mgongoni ili mtu atoke. Kilichobaki kilisimama chenyewe. Mabega, kifua, nyonga, na ndani hamna kitu.

Watu wazima walivutiwa. Sisi watoto tulipita upande wa pili wa barabara. Mlango ukiwa wazi tuliwaona sita au saba wamesimama kivulini, hawana vichwa, wameelekea nje kama watu wanaosubiri kuitwa.

Hofu yangu ilikuwa na mzizi wake. Mwaka huohuo bibi yake rafiki yangu Nakato alifariki, na mama akanichukua tukaenda msibani Lubaga. Nilipenya kati ya miguu ya watu nikaona wanavyomviringisha marehemu kwa lubugo, moja juu ya nyingine, mpaka mtu akapotea na kubaki mzigo mrefu wa rangi ya kutu. Nakato alinisogelea sikioni. "Jjajja akishafungwa hivyo," alinong'ona, "harudi tena."

Kwa hiyo likizo ilipofika na mama akasema, "Tantine anatafuta mtoto wa kumsimamia kazi yake, nimemwambia wewe unajua kusimama," nilitamani kukataa. Lakini ningesema nini? Baba alikuwa pale pale anapiga viatu rangi, na alifurahi kuliko mama.

Asubuhi ile nilienda peke yangu. Sufuria ya uji ilikuwa juu ya sigiri, inatokota polepole. Tantine alinifunga kwanza kwa mifuko ya plastiki ili nisigande, akaniambia nikunje mikono kifuani. Kisha akaanza kunizungushia lubugo iliyolowa, ya vuguvugu, nzito kuliko nilivyodhani.

"Tantine," niliuliza, "hawa waliokuwa ndani walienda wapi?"

"Walienda kwao kula," akacheka. "Usiogope, mutoto yangu. Ni kitambaa tu."

Nilihesabu mizunguko. Shingoni, mabegani, kifuani, tumboni, mpaka magotini. Kila alipomaliza mzunguko alipapasa kwa viganja kama mama anayemlaza mtoto, na kila alipopapasa nilimwona bibi yake Nakato. Alipomaliza alirudi nyuma akanitazama, uso wake umejaa furaha.

"Sasa usitikisike. Ukitikisika, kazi yote imekufa."

Angesema imeharibika ingekuwa afadhali. Neno lile lilinishuka mpaka miguuni. Lubugo ilianza kukauka, na ilipokauka ilibana. Nilipovuta pumzi, haikunipa nafasi. Nilijifunza kupumua kwa juu juu tu, kama paka aliyelala. Kwenye kona wale wasio na vichwa walinielekea, na nilijua, kama mtoto anavyojua mambo, kwamba nafasi iliyobaki wazi kati yao ilikuwa yangu.

Tantine alikuwa anakoroga uji. Akaacha mwiko. Akashika kichwa, akasema neno moja la kwao nisilolijua, kisha akaketi sakafuni taratibu, kama mtu aliyechoka. Halafu akalala ubavu. Macho yake yalikuwa wazi na yalinitazama. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka.

"Tantine?"



Haya ndiyo ninayotaka kukwambia. Sikutikisika. Nilikuwa nimeambiwa. Kwanza nilidhani ananipima, kama baba. Kisha nikafikiri kwamba kifo kilikuja kumchukua aliyevikwa lubugo, kikakosea mtu, na nikijitikisa kitaona kosa lake. Nilisimama. Machozi yalinichuruzika mpaka shingoni na sikuweza kuyafuta. Uji ukaacha kutokota, ukaanza kushika chini, halafu moshi wake mchungu ukajaa stoo. Nilisimama. Sijui ni dakika ngapi. Uji mzito wa sufuria ile hauungui upesi.

Kisha nzi akatua kwenye shavu la Tantine. Akatembea mpaka pembeni ya jicho. Na jicho halikufumba.

Nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena. Mikono ilikuwa imefungwa, magoti yamebanwa, kwa hiyo nilitoka kwa hatua za bata, nikijigonga kwenye meza, nikiangusha mmoja wa wale wasio na vichwa, nikapita mlangoni mpaka barabarani chini ya jua la saa sita.

Jaribu kujiweka katika nafasi ya watu wa mtaa ule. Wanaona maiti imeviringishwa lubugo, inatembea, ina kichwa cha mtoto, inalia, "Nisaidieni!" Muuza mkaa alitupa gunia akakimbia. Kijana wa boda aliiacha pikipiki yake ikiwa inanguruma. Kila niliposogea walisogea, na kila nilivyozidi kuita walizidi kwenda. Leo tukisimulia watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Siku ile niliwaona wanavyonitazama, na nikaamini kwamba nimekufa kweli, na kwamba wafu ndivyo wanavyotuona sisi, tukikimbia.

Aliyebaki ni mwanamke mmoja aliyekuwa anachoma mahindi. Hakukimbia kwa sababu alikuwa na mguu mbaya. Alinikazia macho.

"We! Si mtoto wa Sajenti?"

"Tantine ameanguka," nikasema.

Mama yule aliita kwa sauti ambayo ingemwamsha Jjajja wa Nakato. Fundi wa kuchomelea vyuma akaja na mkasi wake wa mabati, akanipasua kutoka shingoni hadi tumboni, mbele, bila kuuliza. Wengine wakambeba Tantine kwenye pikapu ya kiwandani, wakampeleka hospitali. Nilipotoka ndani ya ile lubugo niliketi kando ya mahindi. Yule mama akanipa hindi. Nikalishika tu mpaka likapoa.

Tantine hakufa. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba angecheleweshwa zaidi ingekuwa habari nyingine. Mkono wake wa kushoto haukuamka tena. Kambini nikawa shujaa. Baba alinisimamisha mbele ya majirani akanipigia saluti, yeye na sare yake, na wote wakapiga makofi. Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimelisikia lile neno la daktari, angecheleweshwa, na mimi peke yangu nilijua kwamba alicheleweshwa, na nani alimchelewesha.

Nilikaa na jambo hilo miaka ishirini na kitu. Wakati huo Tantine alirudi kazini akitumia mkono mmoja, magoti na meno. Ile lubugo yangu hakuitupa wala hakuishona. Aliisimamisha kwenye maonyesho ikiwa imepasuka mbele vilevile, na watu waliizunguka wakinong'ona. Mimi sikuweza kuisogelea.

Mwaka jana nilimtembelea. Alikuwa amebana shuka kwa magoti, analichana. Sijui kilichonipata. Nikamwambia yote, moshi na uji na nzi, nikilia kama nina miaka tisa.

Hakuacha kuchana. "Nilikuwa ninakuona," akasema.

"Ulikuwa unaona?"

"Yote. Nilikuwa ninasikia pia. Ulikuwa unalia bila sauti, na nilitaka kukuambia, toka, mutoto yangu, kimbia. Ulimi ulikataa. Nilifikiri utasimama hivyo mpaka moto ushike vitambaa." Sasa mkono wake ulitulia. "Mimi ndiye nilikuambia usitikisike. Hilo neno niliogopa kuliko kufa."

"Mbona hukuwaambia watu kwamba nilisubiri?"

"Niwaambie nini? Kwamba mutoto alinisikia?"

Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba katika stoo ile aliyeogopa ni mmoja. Tulikuwa wawili, tumefungwa kila mtu kwa namna yake, tunatazamana, na kila mmoja alitoka pale na hatia ambayo mwenzake hakuwahi kumpa. Yangu aliijua tangu siku ya kwanza, akaificha ili nibaki na saluti ya baba. Yake ningeweza kumtua miaka yote hiyo, kama tu ningefungua mdomo.

Nina binti sasa, wa miaka minane, msikivu kupita kiasi. Nikimwambia akae mahali anisubiri, huwa namshika mabega nikaongeza: "Lakini ukiona mambo yamebadilika, mwanangu, usinisikilize. Toka." Ananitazama kama mama yake amechanganyikiwa. Narudia maneno yale mpaka ayaseme mwenyewe kwa sauti.