Sinia la Makapteni Wawili

Mimi shule niliishia darasa la pili, na sioni haya kusema. Nyumba hii ya matofali hapa Olumbi nimeijenga kwa samaki wakavu na chumvi. Sikupewa na mtu. Vita ilipokuja tuliikimbia sote, na niliporudi nikaikuta haina milango. Binti yangu na wanawe walibaki Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma. Kila nikimpigia simu swali lake lilikuwa moja: "Baba, turudi?"

Wakati huo walikuwapo askari wa mataifa mawili. Kila nchi na kambi yake, kila kambi na kisima chake. Walitumwa pamoja watulinde, lakini hawa hawakuchota maji kwa wale. Mimi jambo hilo halikunipendeza. Wasuluhishi wakinuniana, anayesuluhishwa atapata usingizi?

Kwetu waliogombana hawaandikishani mikataba. Wanakalishwa uwanjani watu wakiona, wanakula sinia moja. Ukishakula umefungwa: humgeuki mwenzio, wala humwachi bila kumuaga. Basi nikachinja mbuzi, nikapikisha wali wa nazi, nikawaita makapteni wa kambi zote mbili. Mmoja alijua Kiswahili, kile cha vitabuni. Mwenziwe alisema kwa mikono. Jirani yangu akanicheka.

"Mzee, leo unaozesha ama unaunganisha mataifa?"

"Nyamaza, utapewa ukoko."

Wakala. Wakanyang'anyana mfupa, wakacheka. Siku ile ile nikampigia binti yangu: "Fungeni mizigo. Njooni."

Haukupita muda nikaona mahema yanashushwa, matangi ya maji yanapakiwa kwenye malori. Hakuna aliyekuja kuaga. Nikaenda mwenyewe mpaka kwenye kizuizi cha barabara mbele ya kambi, nikamwita yule wa Kiswahili.

"Kapteni, unaondoka?"

"Shikamoo, mzee. Ndiyo. Muda wetu umekwisha."

"Nani kaumaliza?"

"Wakubwa. Wamekaa kikao huko mbali. Kuna nchi imechoka na gharama, kuna nyingine imekasirika."

"Na hao wa kambi ya pili, wanabaki?"

"Sijui, mzee. Hawatuambii."

"Nawe ulikula sinia langu."

Akaangalia viatu vyake. "Nililila mimi. Hao wanaoamua hawakula."

Kumbe nilifunga ahadi na watu ambao hata kuondoka kwao si hiari yao.

Nikapiga simu pale pale barabarani. Binti yangu akapokea kwa furaha, nyuma yake nawasikia watoto wanaimba. "Tumeshavuka mto, baba!" Nikamwambia wageuze. Akamwuliza dereva, nikamsikia dereva akisema yeye harudi njia hiyo na jua linakwenda. Niliporudi nyumbani, jirani yangu, yule wa mzaha, alikuwa anapakia magodoro kwenye pikipiki. Hakuwa na mzaha tena.

Wakafika. Mjukuu wa mwisho akauliza askari wako wapi, mbona mama alisema wapo. Mama yake akaburuta begi mpaka chumbani, akaanza kulifungua.

"Acha," nikasema.

Akanitazama. "Baba, tumekuja kukaa au tumekuja kulala?"

Nikapakua wali kwenye sinia lile lile, nikaliweka katikati yao. Watoto walikuwa wamekwisha kuinama kuvua ndala, kama walivyofunzwa.

"Kuleni," nikawaambia. "Na viatu msivue."